Jimbo Moja kati ya Hamsini

Bi Mahfudha wa Ibra, mji wa Waarabu ng'ambo ya bahari, alikuwa na redio yake, aliyoivisha kanzu ya kitambaa cha maua aliyoishona kwa mkono. Kila asubuhi, akishakunywa chai ya maziwa, huifunua uso tu, akazungusha kidude taratibu mpaka Kiswahili kitoke. Humo nyumbani hakukuwa na sauti nyengine. Mumewe alimpoteza Unguja mwaka wa mapinduzi. Mwanawe wa pekee, Nadhir, alikwenda Marekani mwaka sabini na sita kusoma miaka minne, akaoa huko huko, na sasa ilikuwa Novemba ya mwaka thamanini na nne.

Alkhamis ile redio ilikuwa na habari za uchaguzi wa huko huko Marekani. Rais amerudi kitini, tena kwa kishindo. Majimbo arubaini na tisa yamempa yeye.

"Ni jimbo moja tu," akasema msomaji, "jimbo la Minesota, pamoja na mji mkuu, lililompa mpinzani wake."

Kikombe kikasimama njiani, hakikufika mdomoni. Minesota! Neno hilo Bi Mahfudha alilijua kuliko jina la mtaa wa pili. Kila mwezi akiliandika mwenyewe juu ya bahasha, herufi moja moja, kama mtu anayetunga shanga.

"Mwanangu yuko kwa walioshindwa," akaiambia redio.

Mtu wa kwengine angesema, haya, wameshindwa, yamekwisha. Bi Mahfudha ni mtoto wa Unguja, siasa alizila akazitapika. Mwaka wa sitini na moja alipanga foleni tangu alfajiri, na buibui jipya, apige kura. Akaona watu wanaacha kuzikana kwa ajili ya chama. Akaona mwenye duka anamuuliza mtoto kwanza, "Babako chama gani?" ndipo ampimie sukari. Shoga yake wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akila naye sahani moja, akaacha kumuazima kinu. Hata miaka mitatu haikutimia, asubuhi moja mlango ukagongwa. Mumewe akatoka na kanzu ya kulalia kusikiliza anaitiwa nini, na ndiyo kwenda. Nadhir alikuwa na miaka sita, chini ya kitanda, kanga ya mamake mdomoni asilie.

Basi kwake yeye mambo yalikuwa wazi. Jimbo moja limesimama peke yake, na arubaini na tisa yamelizunguka. Watapita nyumba kwa nyumba. Na mtu akifukuzwa, atakwenda wapi kama si kwa mamake?

Akasali rakaa mbili. Kisha akafungua chumba cha uani kilichokuwa kimefungwa miaka minane, akalitoa godoro la Nadhir, lile la pamba, akalikokota mpaka nje, akalitandaza juani. Akalipiga kwa ufagio wa makuti hata vumbi likamwingia puani. Akafua shuka. Akafukiza udi foronya. Machozi yakimtoka, na mikono ikifanya kazi upesi upesi, kama mikono ya mwenye harusi.

"Hodi!" Alikuwa Bi Turkiya, jirani yake, mzaliwa wa Tabora, kaja kunywa kahawa kama desturi. "Shoga, godoro la nani hilo? Umeposwa hukunambia?"

"Pita ndani, wacha upuuzi wako. Nadhir anakuja."

"Kakuandikia?"

"Hajaandika. Atakuja tu. Jimbo lao limemnyima kura rais, nimesikia kwa masikio yangu."

Turkiya akakaa mkekani, akajitilia kahawa mwenyewe. "Ndio iwe nini?"

"Wewe utajua nini, mtu wa bara? Nyinyi kura yenu ilikuwa picha ya mtu mmoja, na kivuli kwa asiyemtaka. Nani alishindwa? Kivuli!"

"Na hicho kivuli hakikuhama mji," Turkiya akajibu, akachukua tende. "Mimi n'nakwambia, kampigie simu umsikie. Kuliko kupiga magodoro."

Simu ilikuwa nyumbani kwa Turkiya, na aliyeijua kuipiga ng'ambo ni mkwewe, Thuraya, aliyekuwa mwalimu. Naye siku hiyo hakwenda skuli. "Sasa hivi kule usiku, khalti," Thuraya akasema. "Ngojeni baada ya laasiri, kwao kutakuwa kunakucha." Bi Mahfudha akangoja na sandali miguuni, tasbihi mkononi. Laasiri ilipopita Thuraya akazungusha nambari, mara ya kwanza ikakatika, mara ya pili ikavuma kama mzinga wa nyuki, na mtu akaitika.

"Nadhir! Uko wapi?"

"Niko nyumbani, mama. Shikamoo. Kuna nini? Nani kafa?"

"Marahaba. Umefunga mlango?"

"Mlango upi?"

"Wa mbele! Jimbo lenu limebaki peke yake, redio imesema. Wameshafika?"

Nadhir akacheka, kicheko cha babake kitupu, kile cha kuanzia puani.

"Mama, hakuna aliyefika. Jana nimekwenda kazini kama siku zote. Huyu jirani yangu hapa alimpa rais, kaweka bango lake bustanini mwezi mzima. Jana kaling'oa, akaniazima ngazi nitoe majani juu ya paa."

"Kakuazima ngazi?"

"Kaniazima."

"Na mnazikana?"

"Mama, huku hata kuzika tunawaachia wenye kazi yao." Akacheka tena. "Lakini tulipenya tundu la sindano. Watu milioni mbili wamepiga kura, tumezidi kwa elfu tatu na ushee! Nikamwambia mke wangu, unaona, kura yangu imefaa."

Bi Mahfudha akaibadilisha simu sikio.

"Kura yako?"

Simu ikavuma. Thuraya akajitia kukunja kitambaa cha meza.

"Umepiga kura, Nadhir?"

"Nimepiga, mama. Nilikuwa nikuandikie. Mwezi wa sita nimekula kiapo cha uraia. Nilikuwa nikitafuta maneno tu."

Bi Mahfudha akaiona ile meza ya kuandikisha wapiga kura, Unguja, na karani na kalamu yake sikioni. Karani alimuuliza mumewe, "Bwana Marhun, wewe kwenu wapi?" Mumewe, aliyezaliwa Ibra, akagonga meza kwa kidole. "Hapa. Andika, nitazikwa hapa." Akaandikwa. Na huko ndiko alikozikwa, ingawa mkewe hakuonyeshwa pahali. Kwa Bi Mahfudha kura ilikuwa jambo hilo: mtu huipiga penye kaburi lake.

"Ulimpa nani?" akauliza, kwa kuwa ilikuwa lazima aseme neno.

"Huyu wetu, mama. Huyu wa hapa kwetu."

"Wetu," akasema Bi Mahfudha. "Kwetu."

"Mama, umekasirika?"

"Sijakasirika, baba. Nilidhani mna hatari."

"Hakuna hatari yoyote, wallahi."

"Hakuna. Alhamdulillahi. Basi, simu ni ya watu hii. Vaa kofia, baridi hiyo."

Turkiya akamsindikiza. Wakafuata njia ya kando ya falaji, maji yakipita kimya katika mfereji wake.

"Si nilikwambia? Salama salimini."

"Uliniambia."

"Mbona basi umekunja uso kama ndimu kavu?"

Bi Mahfudha akasimama. Mama gani anasikia mwanawe yuko salama, na moyo ukamwanguka? Alilitafuta jibu, akaliona, akaona haya nalo.

"Nilikuwa nimeshafua shuka," akasema.

Turkiya akamshika mkono mpaka mlangoni.

"Nikusaidie godoro?"

"Nenda, shoga. Kuna wajukuu wanakungoja."

Jua lilikuwa limeshaondoka uani. Lile godoro alilolikokota asubuhi kama unyoya, sasa lilikuwa na uzito wa mtu. Akalivuta, akapumzika, akalivuta tena. Alipofika mlango wa chumba cha Nadhir hakuingia. Akalipitisha mpaka chumbani kwake, akalipandisha juu ya godoro lake mwenyewe. Pamba nzuri hii, akajisemea, dhambi kuwaachia panya.

Akatandika ile shuka iliyofuliwa, akaparamia, akakaa. Kitanda kilikuwa kimekuwa kirefu kwenda juu, miguu yake haikufika chini. Akakaa hivyo hivyo, miguu inaning'inia kama ya mtoto, mpaka akasikia adhana ya magharibi.