Mshirika Aliyerudisha Mabakuli

Jioni ya Jumatano, Alvina Brandhorst alikuwa jikoni kwake akikata selotepu ya karatasi vipande vifupi, akiandika majina na kuvibandika chini ya mabakuli ya kuokea. Katika mji wa Holtfeld, Iowa, chakula cha msiba huja kwenye bakuli la kioo lenye jina la mpishi kwenye kitako, ili likishaoshwa lijue kwao. Mabakuli mengine yalikuja na selotepu zilizobanduka, na Alvina hakutaka bakuli la Marlys liende kwa Ruthann, maana wanawake hao wawili wa kanisa walikuwa na ugomvi wao tangu zamani. Alikuwa katikati ya kazi hiyo mlango wa nyuma ulipofunguka, akaingia mwanawe Lyle, ambaye walikuwa wamemzika Jumamosi.

Alikuwa amevaa suti ya kuzikiwa. Alipangusa viatu kwenye mkeka, ingawa havikuwa na udongo.

"Funga mlango, mbu wanaingia," Alvina alisema.

Lyle akaufunga. "Mama, hii tai nani kaichagua?"

"Dada yako."

"Nilijua tu."

Akafungua friji, akasimama mbele yake kama alivyosimama tangu ana miaka kumi, mkono mmoja juu ya mlango. Mlikuwa na viazi vya jibini rafu tatu, paja la nguruwe, na jeli ya kijani yenye karoti ndani, ambayo hakuna aliyewahi kuipenda na hakuna msiba uliowahi kuikosa.

"Curt hajala," alisema.

Akachukua bakuli la viazi la Marlys, akalifunika vizuri kwa foili, akatoka. Kutoka dirishani Alvina alimwona akienda magharibi kwenye barabara ya kokoto, kati ya mahindi yaliyokuwa marefu kumpita. Alitembea kwa mwendo wake uleule wa kutoka kazini kwenye ghala la nafaka, ila vumbi halikutimka. Alvina akarudi kwenye selotepu zake. Alijisikia mwepesi. Siku zote nne alikuwa akiwaza chakula kile chote kitaliwa na nani.

Curt Sedlacek, daktari wa mifugo, alikuwa mume wa Lyle. Aliishi mwisho wa barabara ile ya kokoto, na hakuna aliyempelekea bakuli. Si kwamba kina mama wa kanisa walikaa wakaamua hivyo. Chakula hupelekwa nyumbani kwa mfiwa, na karatasi ya mazishi ilisema marehemu ameacha mama na dada.

Mambo yalianza miaka miwili kabla, Lyle na Curt walipoomba ukumbi ulio chini ya kanisa kwa karamu ya arusi yao. Ukumbi ule ulikuwa wa kila mtu: Wakatoliki walichezea humo karata, watu walichangia damu humo, na mlevi mmoja wa mji aliwahi kufanyiwa sherehe ya miaka sabini humo. Wazee wa kanisa walikataa. Walisema Maandiko hayawaruhusu, na walisema kwa huzuni ya kweli, kwa kuwa wengine wao ndio waliomfundisha Lyle katekisimu. Curt akapeleka malalamiko kwenye tume ya haki ya jimbo. Magari ya televisheni yakaja. Watu wa mbali, ambao hawakuwahi kuiona Holtfeld hata kwenye ramani, walimpigia simu Marlys Kuhlmann, katibu wa kanisa, wakamtukana matusi ambayo ilibidi amuulize mjukuu wake maana yake. Watu wengine, wa mbali vilevile, walimwandikia Curt kwamba wangefurahi kumwona akiungua. Mtu asiyejulikana akaumwagia ukuta wa kanisa rangi nyekundu. Mwisho wakili akawashauri wazee waufunge ukumbi kwa watu wote wa nje, sheria ikose pa kushika. Wakabandika tangazo mlangoni: UKUMBI NI WA WASHIRIKA TU. Tangu hapo Wakatoliki wanachezea karata gereji, na damu inatolewa kituo cha zimamoto. Lyle na Curt walioana uani kwao, chini ya turubai, mvua inanyesha.

Siku ya mazishi Curt alikaa benchi la nyuma. Baada ya kaburini watu waliteremka ukumbini kula. Curt alifika mlangoni, akasoma tangazo, akarudi kwenye pikapu yake. Hakuna aliyemfukuza. Alvina alikuwa anapewa pole na mstari wa watu, akauona mgongo wake tu.

Sasa Lyle akawa anakuja kila jioni jua likizama. Alichagua bakuli, akasema neno moja mawili, akaondoka. Kwa kuwa chombo hakirudi kitupu, na Wacheki kama Curt nao wanalijua hilo, mabakuli yalianza kuonekana barazani kwa wenyewe, yameoshwa yakang'aa, ndani mna kolache, yale maandazi ya kwao Curt yenye shimo la jamu katikati.

Marlys alipiga simu. "Zangu zina plamu."

"Za Ruthann zina cheri," Alvina alisema.

"Kwa nini Ruthann apewe cheri?"

"Yeye alipeleka nyama. Wewe ulipeleka viazi."

Marlys alikata simu. Jumatatu iliyofuata alileta nyumbani kwa Alvina bakuli la kuku, kubwa kuliko mahitaji ya mjane mmoja, akasema, "La kwako hili," akatazama dirishani, upande wa magharibi. Wengine nao wakafuata. Msiba wa kawaida huletewa chakula wiki mbili. Huu uliletewa hadi mahindi yakakauka.

Mchungaji Haase alikuja kunywa kahawa. Alikuwa kijana, na chuoni hawakumfundisha jambo hili. Aliuliza Lyle alirudi siku ya ngapi baada ya kuzikwa.

"Ya nne."

Mchungaji akashusha pumzi. "Ya nne haina neno," alisema, akachukua kolache ya pili.

Mwezi Oktoba Alvina alianza kuwaza ibada ya kumbukumbu. Kila Novemba, mavuno yakiisha, kanisa husoma majina ya waliokufa mwaka ule. Kengele hugongwa mara moja kwa kila jina, mfiwa huwasha mshumaa, kisha wafiwa hukaa meza moja ukumbini, ile ya karibu na jiko, wakahudumiwa na wengine. Alvina alikuwa amehudumia meza ile miaka mingi kabla ya kukaa hapo mwenyewe, mumewe alipofariki. Alijua kazi ya meza ile. Mtu hukaa pale, watu wakamwekea chakula bila kumuuliza, na akiinuka anajua kwamba mji mzima umekubali kuwa amefiwa. Alitaka Curt akae pale. Hakutaka kitu kingine mwaka ule.

Mwenyekiti wa wazee alikuwa Delmar, mume wa Marlys. Alvina alimfuata shambani, akamkuta zizini ameshika kichwa cha ng'ombe. Upande wa pili alikuwa Curt, mkono wake ndani ya ng'ombe mpaka begani.

"Nimekuja kuuliza habari ya meza ya wafiwa," Alvina alisema.

"Sasa, Alvina? Hapa?"

"Wote mpo. Na ng'ombe haendi popote."

Delmar alimtazama Curt. Curt alitazama ukuta, kama watazamavyo madaktari wa mifugo wanaposoma kwa vidole.

"Kanisani aje," Delmar alisema. "Ibada hatujamfungia mtu. Ukumbini, tukimfungulia yeye, wakili anasema tumemfungulia kila mtu, na kesi inaanza upya. Mimi sina chuki naye. Ningekuwa na chuki ningemwita azalishe ng'ombe wangu?"

"Amebaki daktari yupi mwingine?"

"Yupo mmoja, maili arobaini."

"Ghali," Curt alisema.

"Ghali, ndiyo," Delmar alikubali. Kisha uso wake ukaiva. "Lakini tuseme ukweli. Siku hizi Mkristo akisimamia anachoamini anaitwa mnyama. Marlys alikuwa anatetemeka simu ikilia. Ukuta wa nani ulimwagiwa rangi? Wa kwao?"

"Ukuta niliusugua mimi," Alvina alisema. "Mimi na Lyle. Aliteka maji, akapanda ngazi. Wewe ulikuwa mnadani."

Delmar hakuwa anajua hilo. Curt naye, kwa jinsi alivyogeuka, hakuwa anajua.

"Hakuniambia," Curt alisema.

"Hakumwambia mtu."

Ng'ombe aliguna. "Vuta kamba, Delmar," Curt alisema. "Taratibu. Hapo." Ndama akatoka, amelowa, miguu mirefu, akalala kwenye majani akishangaa. Wote watatu walimtazama hadi alipopiga chafya.

"Na Lyle je?" Alvina aliuliza. "Ibada ni jioni. Atakuja tu."

Delmar alifuta mikono, akafikiri kwa haki, maana alikuwa mtu wa haki. Swali hilo wazee walikwisha kulipeleka kwa Mchungaji. "Mchungaji anasema kanisa halimfuti mtu kwa sababu amekufa. Lyle alibatizwa hapa, akapata kipaimara hapa. Ni mshirika. Mshirika hazuiwi."

"Kwa hiyo aliyekufa aingie, aliye hai abaki nje."

"Ndivyo utaratibu ulivyo, Alvina. Sikuupenda mimi. Umetokea hivyo."

Njiani kurudi, ndani ya pikapu ya Curt iliyonuka dawa na mbwa, Alvina alisema hataenda kwenye chakula. Atakula naye, nyumbani kwake.

"Nenda, mama," Curt alisema. Zamani alimwita Alvina, na tangu kesi hakumwita kitu. "Ile ni meza yako. Akishuka akukose, atakaa na nani? Ruthann? Mimi nitatuma bakuli."

Ibada iliangukia siku ya theluji ya kwanza. Curt alikaa benchi la nyuma. Jina la Lyle liliposomwa, kengele ikagongwa, Alvina akawasha mshumaa, na alipogeuka akamwona Curt amesimama peke yake wakati wengine wote wamekaa. Mchungaji alingoja, hakuendelea na jina lililofuata mpaka Curt alipoketi. Kisha watu wakashuka ngazi kwenda kula, na Curt akatoka kwenye theluji kwenda kuwasha gari.

Lyle aliingia ukumbini watu wakiwa bado kwenye sala ya chakula. Alishika bakuli kwa mikono miwili, akangoja "Amina" pale pale mlangoni, kisha akaliweka mezani kati ya paja la nguruwe na jeli ya kijani. Lilikuwa kabeji na nyama, kwa mtindo wa Kicheki, mvuke ukipanda. Alikuja akakaa karibu na mama yake kwenye meza ya wafiwa. Mtu mmoja alimsogezea kiti. Ruthann akamwekea kikombe cha kahawa bila kumuuliza, na yeye akakikumbatia kwa viganja ingawa hakunywa.

"Wamekula?" aliuliza.

"Tazama," Alvina alisema.

Kwenye bakuli la Curt kulikuwa na foleni. Delmar alikwenda mara mbili. Mara ya pili alikwangua pembeni kwa kijiko, pale palipoganda, ambapo kila mtu anajua ndipo pazuri.

Lyle alipoinuka, alichukua sahani ya karatasi. Akaanza kuijaza, na watu nao wakaja kumsaidia. Marlys aliweka viazi. Ruthann aliweka pai, kipande cha pembeni. Delmar alikata nyama nene, akaipima kwa macho, akaongeza nyingine.

"Mwambie ndama hajambo," alisema.

"Nitamwambia."

"Ni jike."

"Atafurahi."

Marlys alikuwa ameshika kijiko cha jeli. Lyle aliitazama jeli, akamtazama Marlys, na Marlys akakirudisha kijiko mwenyewe, huku akicheka. Lyle akafunika sahani kwa foili, akapanda ngazi. Nje, taa za pikapu zilikuwa zimewaka. Zilingoja, kisha zikaenda magharibi polepole kuliko siku zote.

Mfiwa hapaswi kuosha vyombo, lakini Alvina aliosha. Wenzake walimwachia sinki, wakafuta meza. Jikoni mwa kanisa mna kabati kubwa ambamo mabakuli yanayongoja wenyewe huwekwa kifudifudi, ili mtu akifungua asome majina mara moja. Alipofika kwenye bakuli la Curt, akaligeuza. Kwenye kitako kulikuwa na selotepu mpya, na mwandiko uliolalia kushoto, mwandiko wa Lyle: *Lyle na Curt Sedlacek-Brandhorst*. Pembe moja ilikuwa imeanza kubanduka kwa maji.

Aliikausha kwa taulo, akaibonyeza kwa kidole gumba hadi ikashika. Akaliweka bakuli kifudifudi, kati ya la Kuhlmann na la Ruthann. Marlys alipita na rundo la sahani, akasoma, akapanga sahani zake rafu ya chini.

"Hilo liache hapo," Marlys alisema. "Litatumika Krismasi."

Alvina alivaa koti. Alikuwa ameshiba, miguu ilimuuma vizuri, na kesho asubuhi Curt angekuja kumsafishia theluji mlangoni. Alizima taa ya jikoni, kisha ya ngazi, akatoka na kuufunga mlango. Upepo ulikuwa umebandua pembe ya lile tangazo la WASHIRIKA TU. Lilikuwa limebandikwa kwa selotepu ya karatasi kama ile ya mabakuli, kutoka roli la kwenye droo ya jikoni mwa kanisa, na halikuanguka.