Miguu ya Wifi Leonida

Wifi yangu Leonida alianza kucheza kanisani, wakati padri anainua kikombe. Watu wote wamepiga magoti, hata watoto wachanga wamenyamaza, na nyuma yangu mguu wake wa kulia unapiga sakafu: tu, tu-tu, tu. Nikageuka nikamfinya.

"We mzee, Roho Mtakatifu kakushukia miguuni?"

"Brigita," akaninong'oneza, macho yamemtoka, "si mimi."

Nikadhani utani. Tangu kaka yake aliponioa nikahamia kwao Rhotia, tumetukanana vizuri mimi na yeye na hatujakosana. Lakini nilipoutazama ule mguu, ulikuwa unaruka peke yake, na mwenyewe ameukamata kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mbuzi asitoroke.

Mwaka ule wa 2007 sisi wanawake wa kijijini tulikuwa tukiwachezea wageni kwenye kempu moja nje ya Karatu, wale wanaolala hapo kabla ya kushuka kreta kutazama wanyama. Tunavaa sketi za ngozi alizotuachia mama mkwe, zimejaa shanga na zinanuka siagi ya zamani, na wageni wanasema harufu ya utamaduni. Kiongozi wetu ni Leonida. Hakuna aliyejua kurusha shingo kama yeye.

Na nyumbani kwetu ngoma haiachwi wazi. Mama mkwe alikuwa akisema ngoma ni kama zizi: ukilifungua lifunge, usipolifunga usiulize fisi amekula nini. Anayeongoza humwaga maji chini, hukanyaga lile tope kwa miguu yote miwili, halafu husema, "Tumefika." Ndipo watu wanakaa. Leonida hakuwahi kuruka jambo hilo, hata kama wageni wameshaondoka na tumebaki sisi na mbwa wa kempu.

Siku moja msichana wa Kizungu mwenye nywele nyekundu alikuwa anatuchukua video. Leonida anainua mguu, Gideon, dereva wao, akapiga honi. Msichana akazima kamera akakimbilia gari. Leonida akamwaga maji, akakanyaga, akasema tumefika. Sisi tulifika kweli. Leonida yule aliyeondoka ndani ya kamera, mguu wake ulibaki juu.

Baada ya siku ile ya kanisani ikawa kila siku. Anachambua maharage, miguu inamwinua kwenye kigoda. Anakamua ng'ombe, ndoo inapigwa teke. Mwanzoni tulicheka, na mimi ndiye niliyecheka zaidi. Kisha akaanza kukonda. Hospitali wakampima, wakasema hawaoni kitu. Nyayo zikapasuka, tukawa tunazipaka samli. Halafu asubuhi moja ya jua kali nikamkuta amekaa uani, miguu imetulia kidogo. Nikaishika. Ilikuwa ya baridi kama kuku aliyechinjwa jana, vidole vyeupe, nyayo zimelowa. Pande zote za kigoda ni vumbi kavu.

"Umekanyaga wapi?"

"Sijatoka hapa." Akanishika kanga. "Wifi, sitafika mavuno. Naomba kitu kimoja tu, nikae. Nikae kama watu."

Siku ya mnada nikaenda Karatu kununua chumvi. Pale stendi wapiga debe wamesimama kwenye mstari, wanainua mguu na kurusha shingo, wanacheka mpaka wanalia. "Staili ya Bibi!" Nikauliza bibi gani. Mmoja akanionyesha simu. Bibi ni Leonida, na sketi ya mama mkwe. Anainua mguu, anarusha shingo, mguu haujagusa chini anaanza tena. Mtu ameshaweka na muziki usio wetu. Walikuwa wanarushiana kwa blutuu kama karanga.

Nikaenda moja kwa moja kwa Eliud, Mchaga mwenye duka la intaneti karibu na kituo cha mafuta.

"Shikamoo Bibi. Leo umekuja kuchati?"

"Marahaba. Nimekuja kutafuta mchumba Ulaya. Fungua hiyo video ya stendi, lakini usiichezeshe mpaka nikuambie."

Nikampigia simu Cresensia, jirani yetu aliyekuwa anamwangalia mgonjwa. "Miguu vipi?"

"Imetulia sasa hivi, ashukuriwe Mungu."

"Eliud, bonyeza."

Kwenye simu nikasikia kigoda kinaanguka, na Cresensia anapiga yowe.

Eliud naye alisikia. Hakunicheka tena. Akaanza kufungua nyingine, moja baada ya nyingine, maana zilikuwa nyingi. Leonida juu ya meza na paka. Leonida mwezini. Leonida watano, sura moja, wanacheza nyuma ya bwana harusi wa Kizungu. Na moja yuko peku katikati ya kitu cheupe mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Hapo ni wapi?"

"Kwenye theluji, Bibi. Wamemkata huku, wakambandika huko."

Nikakumbuka vile vidole vyeupe. Nikavuta kanga.

"Ifute."

"Haifutiki. Nikiitoa hapa, iko Japani. Iko Brazili."

"Hao Wajapani hawana bibi zao?"

Basi nikaona dawa ni ileile ya mama mkwe: yule wa ndani ya kamera naye afungiwe ngoma. Eliud akaja nyumbani na kamera. Leonida, amenishikilia bega, akamwaga maji, akakanyaga, akasema tumefika. Kuituma kwenye intaneti kulichukua mchana mzima, umeme ukikatika tunaanza upya. Tukangoja. Miguu ikaendelea vilevile.

"Hakuna anayeifungua," Eliud akasema. "Watu hawataki kutazama bibi anakaa chini."

"Wanataka nini?"

"Wacheke."

"Kumbe hilo tu?"

Tukapiga nyingine. Leonida akamwaga maji, akakanyaga, akasema tumefika, na anapokaa mimi nikapita nyuma yake na ungo wa maharage, nikakanyaga lile tope. Nilipanga kuteleza kidogo, kwa heshima. Tope halikupanga hivyo. Ungo ulikwenda huku, meno ya bandia kule, nami nikakaa kwa kishindo, nikaanza kucheka kile kicheko changu cha kuku anayetaga. Eliud akatetemeka kwa kucheka mpaka kamera ikazima.

Hiyo ilikwenda. Haikupita muda stendi yote wanaanguka kwa makalio. Na Leonida, siku hiyo anachambua maharage, miguu ikapiga tu, tu-tu, ikasimama. Akaitazama. Akasubiri. Kisha akaegemea ukuta akalala palepale, mpaka ng'ombe waliporudi. Hadi leo amekaa. Amenenepa, hata ana maringo.

Lakini Leonida alifungiwa ngoma yake. Mimi kamera ilizima nikiwa katikati ya kicheko.

Mara ya kwanza ilikuwa makaburini kwa Mzee Felisiani, mtu mwema, rafiki wa marehemu mume wangu. Wanateremsha sanduku, mjane wake analia, kinywa changu kikafunguka chenyewe. Nilicheka. Machozi ya kweli yananitoka, moyo umejaa huzuni, na kinywa kinacheka kama cha mtu mwingine. Leonida akanikamata taya kwa mikono miwili.

"Wifi," akaninong'oneza, "kicheko kinafungwaje?"

Mama mkwe hakutufundisha hilo. Nani angefikiria kicheko nacho kinahitaji mlango?

Kwa hiyo nawaandikia ninyi wanangu, mkiwa bado mna nafasi ya kuzoea. Siku yangu ikifika, mkasikia kitu ndani ya sanduku, msikimbie mkaniacha kwenye kamba. Teremsheni taratibu, fukieni vizuri. Ni mtu tu, mahali fulani, amebonyeza.