Sala ya Nyuma ya Mbao

Jumanne, tarehe tisa Juni. Asubuhi kulikuwa na mawingu mazito, na manyunyu yaliyomnyima dobi jua la kukaushia mashuka ya hospitali. Jioni, mikono ikinuka sabuni bado, alikaa kwenye dawati la mbele katika darasa la watu wazima. Mwalimu akaandika ubaoni: huntha.

"Ni kiumbe mwenye viungo vya uzazi vya kiume na vya kike pamoja," alisema. "Kama nyungunyungu."

"Basi huyo akigombana na mkewe anajinunia mwenyewe!" kinyozi mmoja alidakia kutoka nyuma. Darasa likaangua kicheko.

Dobi hakucheka. Neno hilo alikuwa nalo chini ya godoro, kwenye kadi ya kliniki, tangu azae mtoto wake wa pekee miaka kumi na tisa iliyopita. Mkunga alimsomea mara moja, akaongeza, "Mwombe Mungu." Naye akaomba. Kila alfajiri, kwa sauti, ukuta wa mbao tu ukimtenga na kitanda cha mwanawe: "Bwana, mwondolee ugonjwa huu." Hakukosa hata siku moja.

Mwaka juzi mtoto alifunga begi. "Mama, maisha yangu yote nakusikia ukinishtaki kwa Mungu. Naenda mahali asikonishtaki mtu." Tangu hapo kimya; akimpigia simu, mashine ndiyo hujibu.

"Mwalimu," dobi aliuliza, "huyo mnyoo anaumwa?"

"Haumwi, mama. Ndivyo alivyoumbwa."

"Na mtu?"

Mwalimu akaweka chaki chini. "Mtu si mnyoo. Miili hutofautiana, na neno hili haliwafai wengi; huumia wakiitwa hivyo. Ni vizuri kumuuliza mwenyewe."

"Sina wa kumuuliza." Akaeleza, kwa maneno machache.

Kinyozi aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Ulimi hauna mfupa."

"Wewe umetania mara moja, mwanangu. Mimi wangu nilimfukuza kwa magoti, miaka kumi na saba."

Akampigia mwanawe simu mbele yao. Sauti ileile ya mashine ikasema namba haitumiki. Maji yakimwagika hayazoleki. Alilijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Dobi akasimama. "Ninyi ni mashahidi, na Mungu anasikia. Kuanzia kesho alfajiri sitaomba tena mwanangu abadilishwe. Nitamtaja kwa jina lake, nishukuru kwamba aliumbwa. Kwa sauti ileile. Hata kama nyuma ya mbao hakuna mtu."