Gari Lenye Namba Mbili

"Nami nakwambia hukati," nilimwambia shemeji kwa mara ya tatu, nikiwa nimesimama kati yake na boneti, pale yadini kwetu kwa vyuma chakavu.

"Shem, sheria unaijua nusu." Kikatio cha gesi kilikuwa mkononi, miwani ya moto juu ya paji la uso. "Gari limepita miaka ishirini, haliwaki, mwenyewe kaja na kitambulisho. Hata bila kadi tunaruhusiwa kununua."

"Kununua, ndiyo. Kukata, mpaka polisi wapelekewe namba ya chesisi na siku saba zipite. Hiyo nusu nyingine umeila?"

Mwenye gari alikuwa amekaa juu ya tairi, mkoba mapajani, akitutazama kama aliyekuja kutazama mpira. Ni mshonaji wa mtaa wa nyuma, mjane, rika la mama yangu. Kadi ya gari, alisema, marehemu mumewe aliiweka mahali pazuri mno, ndiyo maana haijaonekana mpaka leo.

"Basi soma hiyo namba tumalize," shemeji alisema. "Roli la kiwandani linakuja saa nane."

Yadi nyingi husoma kibati cha mlangoni, basi. Mimi kibati sikiamini. Kimeshikwa na ribiti mbili, hata mwanangu wa darasa la nne anaweza kukibandua. Niliinama ndani ya boneti na brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta ya taa, nikasugua chuma chenyewe, nikapaka chaki, nikafuta. Chaki ikabaki ndani ya tarakimu tu. Nikaandika. Kisha nikang'oa kiti cha nyuma, maana magari ya aina hii yana namba nyingine sakafuni, nikafanya vilevile.

Hazikufanana. Nikarudia. Bado.

Shemeji alikuja, akasoma zote mbili, akaweka kikatio chini bila kuambiwa.

"Mwizi kakosea kugonga namba," alinong'ona.

"Mwizi hugonga ili zifanane, shemeji. Hapa kuna jambo jingine."

Mjane alikuwa amekwisha kusimama nyuma yetu. "Mnatafuta hiki," alisema, akavuta kitambaa cha dari kilichokuwa kinaning'inia. Chini yake, mshono wa kuchomelea ulikatiza paa kutoka upande hadi upande. "Marehemu alikuwa fundi wa bodi. Gari lake lilipondwa nyuma na basi. Akaja na nyuma nyingine juu ya mkokoteni, akaunga. Nikamwambia mshono umepinda. Hakunisemesha siku mbili."

"Hiyo nyuma aliitoa wapi?"

"Sikuuliza, mwanangu. Nilikuwa bibi harusi."

Shemeji alicheka. "Basi andika ya mbele, shem. Fomu yenyewe ina nafasi moja."

Ni kweli, ina nafasi moja. Na ya mbele ilikuwa ya mumewe, haina neno. Lakini ile ya sakafuni ingeyeyushwa kiwandani na hakuna ambaye angejua ilikuwa ya nani.

"Mama," nilimwambia mjane, "nikipeleka zote mbili, na ya nyuma ikaonekana iliibwa, watakuja kukuuliza wewe, na jina la mumeo litaandikwa. Moja peke yake siandiki. Ukitaka, liondoe. Yadi ya pili hapo barabarani hawaulizi hata jina."

Alipitisha kidole juu ya mshono polepole, kama anayetafuta pa kuanzia kufumua.

"Watu walikuwa wanasema maneno," alisema. "Miaka thelathini na moja nimekaa humo nyuma na watoto. Nataka kujua nilikalia gari la nani. Andika."

"Na likiwa la wizi?"

"Nitamtafuta mwenye nalo nimpe pole. Aliyelileta hawezi tena kuona haya. Mimi bado naweza."

Nikatoa fomu mbili: magari mawili, muuzaji mmoja. Akasaini zote kwa herufi kubwa. Nikapiga simu kituoni, nikamsomea askari namba ya kwanza, kisha ya pili.

"Magari mawili?" aliuliza.

"Gari moja, namba mbili."

"Hilo sijawahi kuliona."

"Hata mimi. Andika."

Nilisubiri mpaka akazirudia zote bila kukosea. Ndipo tukalisukuma hadi ndani ya uzio wa magari yanayosubiri siku zao saba, mimi kwenye usukani, mjane akisukuma mlangoni na mkoba begani, shemeji nyuma akilalamika kwamba yeye ndiye kapewa nusu isiyo na baba. Nikafunga lango, nikapiga kufuli.