Ramani ya Sakafuni

Shule yetu hapa Msambweni ina atlasi moja, na atlasi hiyo haina Afrika. Kurasa zake zilichanwa zamani, sijui na nani aliyezihitaji kuliko sisi. Kwa hiyo mimi, Mwalimu Hanifa, niliyeajiriwa na bodi ya shule kwa mshahara wa kuchekesha, niliamua kwamba darasa la sita litajifunza ramani kwa kuchora mahali tunapopajua. Nilichagua shamba la minazi la Bi Mbodze, lililo nyuma ya darasa. Mjukuu wake, Mbeyu, ni mwanafunzi wangu, na bibi mwenyewe aliniruhusu bila maneno mengi.

Tulipima kwa kamba ya katani na hatua za miguu. Sakafu ya darasa ikawa karatasi yetu, makaa kwa mistari na chaki kwa minazi. Watoto walitia kila kitu: minazi arubaini, nyumba, kisima, kaburi la marehemu mume wa Bi Mbodze, hata banda la kuku. Wakatia na mawe manne ya saruji waliyoyakuta vichakani, mapya, yenye namba. Nikawaeleza kwamba hayo ni mawe ya mpaka yanayowekwa na wapima ardhi, na nikawaambia wayaunganishe kwa mstari.

Mstari ulipokutana, Mbeyu aliinuka na kipande cha makaa mkononi.

"Mwalimu, nyanya ameuza minazi tu. Mbona na nyumba imo ndani?"

Damu ilinipanda. Kwetu pwani mti una mwenyewe na udongo una mwenyewe. Mtu huweza kuuza minazi yake, mnunuzi akawa anaangua nazi miaka na miaka, na ardhi isitoke mikononi mwa mwenye shamba. Bi Mbodze aliamini kwamba ameuza namna hiyo. Alikwisha pokea shilingi elfu thelathini za kutanguliza, akaezeka nyumba yake mabati, na Ijumaa alitakiwa aweke kidole kwenye hati mbele ya wakili ili apewe zilizobaki. Aliyemletea mnunuzi, tajiri fulani wa bara, alikuwa Bwana Abdulaziz, dalali wa mashamba. Na Bwana Abdulaziz huyohuyo ndiye mwenyekiti wa bodi yetu.

Katika somo la pesa huwa nawafundisha watoto swali moja kabla ya mengine yote: kabla hujapokea, uliza unatoa nini. Ningelifundishaje swali hilo asubuhi, kisha mchana nikajitia kipofu? Nikamwagiza Mbeyu amwambie nyanya yake aje darasani kesho yake.

Kesho yake mwenyekiti, aliyekwisha sikia habari za ramani, alimtangulia. Aliingia bila hodi, akaikanyaga ramani yetu kwa viatu vyake vya ngozi.

"Mwalimu Hanifa, michoro hii ifutwe sasa hivi. Wewe uliajiriwa ufundishe mito na milima, hukuajiriwa kufundisha mipaka ya watu."

"Mito na milima imechanwa kwenye atlasi, Mwenyekiti. Tumebakiwa na Msambweni."

Watoto wakacheka. Yeye hakucheka.

"Futa, au Jumatatu usije."

Niliogopa, sitadanganya. Nina kodi ya chumba, na nina mama anayekunywa dawa kila siku. Lakini nilipowatazama wale watoto waliokwaruza magoti yao sakafuni kwa siku nzima, hasira ikauzidi woga.

"Sifuti," nikasema.

Hapo ndipo tuliposikia hodi. Bi Mbodze alivua ndara zake mlangoni, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Watoto wote wakainuka.

"Shikamoo, nyanya!"

"Marahaba, wanangu. Haya, nionyesheni."

Mbeyu akamshika mkono. "Hapa ni nyumbani. Hapa kisimani. Hapa ndipo alipolala babu."

Bi Mbodze alipatazama pale pa mwisho. "Na mstari huu?"

"Ndio anaouchukua yule tajiri, nyanya. Wote huu wa ndani."

"Hayo ni mambo ya watoto," Bwana Abdulaziz akadakia. "Wale wapimaji walikuja kuhesabu minazi. Si nilikueleza?"

"Minazi yangu naijua hesabu yake tangu sijazaa. Mimi nakuuliza jambo jengine. Nikishaweka kidole, nitasimama wapi? Nionyeshe, mwanangu. Ramani hii hapa."

Bwana Abdulaziz alichezea funguo za gari lake. Basi Mbeyu akamwongoza nyanya yake taratibu, wakauvuka mstari, wakaenda mpaka ukingoni karibu na mlango.

"Hapa, nyanya. Barabarani."

Bi Mbodze akarudi mpaka kwenye nyumba yake, akachutama, akachukua kipande cha makaa na kukisugua kwenye kidole gumba. Kisha akakikandamiza kidole katikati ya nyumba.

"Ulikitaka kidole changu. Hicho hapo. Kwa wakili siji."

"Zile elfu thelathini utazirudisha!" Bwana Abdulaziz alipaza sauti. "Zote! Na wewe mwalimu, kuanzia leo kazi huna!"

"Basi nisubiri nje, Mwenyekiti. Kipindi hakijaisha."

Nikageukia ubao, nikaandika: minazi arubaini, kila mnazi nazi kumi na tano kwa miezi mitatu, nazi moja shilingi ishirini.

"Kuna deni la elfu thelathini," nikawaambia. "Litalipwa kwa muda gani, bila kuuza hata shina moja? Nani ataanza?"

Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa na kidole gumba cheusi. Bi Mbodze alikuwa amekwisha keti kwenye dawati la mjukuu wake.

"Mimi naanza, mwalimu," akasema. "Minazi ni yangu, na deni ni langu."