Mama Mkwe wa Kuazima

Madamu aliingia jukwaani akitazama vidole vyake vya miguu, na hapohapo nikajua kosa ni langu.

Katika mchezo, alikuwa mama mkwe. Ameshuka kutoka safari ndefu, anaingia nyumbani kwa mwanawe, na kila kitu humo kinamkera. Ukumbi ulijaa wazazi, wengine wamekaa kwenye madirisha. Walitaka kumwona mwalimu wa hesabu, mgeni kutoka mbali, akigomba kwa Kiswahili. Yeye akafunika mdomo kwa kiganja, akanong'ona kitu kwenye meza.

"Sauti!" mtu akapaza kutoka nyuma.

"Mama mkwe kapata mafua!"

"Mbona anamwogopa mke wa mwanawe?"

Nikiwa nyuma ya pazia, na karatasi za mchezo mkononi, nilitamani ardhi inimeze. Kiganja kile kilikuwa changu. Macho yale ya kutazama chini yalikuwa yangu. Hata kule kumeza mate kabla ya kila sentensi kulikuwa kwangu.

Tulimwita Madamu Taratibu, kwa sababu ndilo neno alilolitumia zaidi, akituomba tupunguze mwendo wa kusema. Mimi waliniita Redio. Kejeli tupu: darasani nikijibu swali, hata jirani yangu wa dawati alikuwa ananiuliza nimesema nini. Mwalimu wa Kiswahili alipotafuta mtu wa kumfundisha Madamu maneno ya mchezo, alinichagua mimi kwa sababu nasoma vizuri. Nasoma, ndiyo. Kusikika ni jambo lingine.

Wiki nne tulikaa kwenye stoo ya vitabu, baada ya masomo, yeye juu ya kreti, mimi juu ya rundo la atlasi za zamani. Miaka miwili imepita, na stoo ile siku hizi ni chumba cha kompyuta, ina feni na kufuli mbili. Mimi bado nikipita pale nasikia harufu ya gundi ya majalada na ya pipi za tangawizi alizokuwa anazigawa nusu kwa nusu, kwa meno. Nilisema, akarudia. Nilipumua, akapumua. Alinakili kila kitu, kama sisi tunavyonakili ubaoni hata mahali chaki ilipoteleza.

Siku moja alisimama.

"Huyu mama ni mkali," aliniambia. "Kwa nini sauti ndogo?"

Ningesema ukweli tu. Ningesema, Madamu, hii ni sauti yangu, usiichukue. Lakini niliona aibu.

"Wakali wa kweli hawapayuki, Madamu," nikajibu.

Akafurahi, akaandika kwenye daftari lake. Na kwenye mazoezi ya pamoja, Madamu alipokuwa akinong'ona, mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa amezama kwenye kushona pazia, alisema tu, "Anatunza sauti. Mwacheni."

Sasa alikuwa amesimama kwenye taa, kitambaa cha kichwa kimelegea, ukumbi unamcheka, na sentensi ya pili imempotea. Akageuza shingo kunitafuta. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri tu, kama alivyosubiri kila siku pale stoo, niseme, na yeye arudie.

Nikinong'ona, nammaliza kabisa.

"Nani amempa mwanangu chai baridi?"

Sauti yangu ilitoka kama sufuria iliyoanguka. Ilipasuka katikati, ikapanda, ikatua vibaya. Madamu akashusha kiganja, akainua kidevu, akarudia neno kwa neno, pamoja na ule mpasuko.

Watu wakapiga meza. Nikatupa sentensi nyingine, akaidaka. Hadi mwisho tulikwenda hivyo, mimi nagomba nyuma ya pazia, yeye anagomba mbele, na wazazi wakadhani ndivyo mchezo ulivyopangwa.

Baadaye nilimkuta akijifuta poda kwa taulo.

"Madamu, nilikudanganya. Ile sauti ndogo haikuwa ya mama mkwe. Ilikuwa yangu."

Alifikiri kidogo, akitafuta maneno.

"Basi mwanzo nilikuwa wewe," alisema. "Wewe ni mgumu sana. Mama mkwe ni rahisi."

Muhula ulipoisha akaondoka, na hesabu tukafundishwa na mtu asiyejua kucheka.

Lakini jioni ile ya mchezo mama yangu alinisubiri getini, bado anapangusa machozi ya kicheko.

"Yule aliyekuwa nyuma ya pazia mlimtoa wapi? Mtoto ana koo yule! Mzazi wake analala kweli?"

"Ni mimi," nikasema.

Mama akainama, akaleta sikio karibu na mdomo wangu, kama alivyozoea tangu nilipokuwa mdogo.

"Eti nani? Sikusikii, mwanangu."

Nikavuta pumzi.