Chujio Jekundu la Mashine ya Unga

Mume wangu aliacha kusikia kabla hajaacha kutembea. Masikio yake yalimalizwa na injini ya mashine yetu ya kusaga, miaka yote ile aliyosimama kando yake. Baadaye kiharusi kikachukua miguu. Akawa wa kulala chumba cha nyuma, na mimi nikawa msagaji, mpimaji, mfagiaji na muuguzi. Kutwa ananiita: mashine imezima? Naacha wateja na mabeseni yao, navuka ua, namwambia inawaka. Narudi, hata gunia sijalishika, ananiita tena. Simlaumu, mashine ile ndiyo inayotulisha, hatuna kingine. Lakini jamani, nilichoka. Nilichoka mpaka nikawa sikumbuki kama nimekula.

Injini yenyewe ni ya dizeli, ya zamani, na chujio lake la hewa ni la bakuli. Hewa inapita kwenye oili, vumbi linanasa humo. Kila asubuhi unamwaga oili iliyojaa unga, unaosha bakuli, unatia nyingine, na mikono inanuka hadi jioni. Sasa mdogo wake mume wangu anauza vipuri, na ana mdomo huyo, angekuuzia kiatu cha mguu mmoja ukashukuru. Akaniletea chujio jekundu la pamba, wala si la kiwanda kilichotengeneza injini. Eti linapitisha hewa nyingi, eti injini itapata nguvu mpya. Nikamuuliza kama kweli linalishinda la bakuli. Akasema, shemeji, wenzako wako mbele huko, wewe bado unakorogana na oili.

Akalifunga. Nguvu sikuiona, mahindi yalisagika vilevile. Ila kelele sasa! Injini ilivuta hewa kwa mngurumo mpaka mabati yakatetemeka. Nilipoingia chumbani nilimkuta mume wangu ameinua kichwa, anatabasamu kwa upande mmoja wa uso, ule unaofanya kazi.

"Naisikia," akasema.

Siku ile hakuniita. Wala kesho yake. Nikawa nakaa juu ya gunia, nanyoosha miguu, nasaga nikiwa nimetulia kama mtu na akili zake. Nilimshukuru shemeji kutoka moyoni.

Halafu moshi ukaanza kutoka wa buluu, na asubuhi injini ikawa ngumu kuwaka. Nikamwita fundi. Alifungua bomba la hewa, akapitisha kidole ndani, upande ambao hewa ilitakiwa iwe imeshachujwa. Kidole kikatoka cheupe. Akanieleza kwamba machujio kama yale pengine yanafaa kwenye gari linalopita lami, lakini humu ndani hewa yenyewe ni unga, na unga unaingia na mchanga wake. Ringi za pistoni zilikuwa zimeanza kulika. Nilichopata kwenye lile chujio, alisema, ni kelele tu.

"Rudisha bakuli leo," akaniambia, "au utaizika hii injini."

Bakuli lilikuwa pale pale pembeni. Nikamwambia nitalirudisha kesho. Kesho yake nikasema kesho. Niliogopa kuitwa, hiyo ndiyo kweli. Nilijua nikirudisha bakuli, mume wangu hatasikia kitu, nami nitaanza tena kukimbia ule ua.

Ikafa katikati ya debe la mteja. Iligonga vibaya, ikatoa moshi, ikanyamaza. Fundi alikuja, akajaribu kuizungusha kwa mkono, akatikisa kichwa. Nikaenda chumbani, nikainama kwenye sikio la mume wangu, nikamwambia kwa sauti kubwa kwamba mashine imekufa.

Hakushtuka. "Ni lile chujio," akasema.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema bakuli halina sauti ile, na siku ya kwanza tu alijua injini inakula unga. Hapo hasira zikanipanda. Injini ni yake, aliinunua kabla hajanioa, aliipenda kuliko alivyowapenda ndugu zake. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza, tena nilimuuliza kwa ukali, mgonjwa vile alivyo.

"Ulikuwa hukai, mama watoto," akasema. "Nikaona nikisema naisikia, utakaa."

Nami nilikuwa nimejua, na nilinyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Nikalia, si kwa ajili ya injini. Alijisogeza kitandani kidogo kidogo, kwa shida, akinipisha nafasi, nikakaa. Huko nje mteja alikuwa anagonga bati, anauliza unga wake. Hatukujua tutakula nini kuanzia kesho, na hakuna aliyeinuka.